Madaraja Matano ya Kilio

Ukitaka kwenda Shwari huhitaji nauli wala pasi. Keti hapo hapo ulipo, tazama kushoto na kulia, utaona umeshafika. Mimi nimezaliwa huko na nimesoma huko mpaka darasa la nne, mwalimu aliponiambia yaliyobaki nitayamalizia kwa mume. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu wa darasa la nne. Mwenye digrii asahihishe.

Shwari ni nchi nzuri sana, kila kitu kina wizara. Uzazi nao una yake, Wizara ya Uzazi, Utulivu na Takwimu, na waziri wake ni Mheshimiwa Tindwa, mwanamume mwenye afya njema ambaye hajazaa hata mara moja lakini amehudhuria semina kumi na moja.

Sasa, wodi ya wazazi katika hospitali yetu ya wilaya ilikuwa na muuguzi mmoja, Sista Ediltruda. Zamani walikuwa wanne. Mmoja alistaafu, mmoja akaolewa mbali, mmoja akapandishwa cheo, akawa anasafiri kwenda kwenye mikutano ya kujadili uhaba wa wauguzi. Akabaki Ediltruda na vitanda sita, wanawake ishirini na kitu, na mikono ile ile miwili aliyotoka nayo kwao. Angefanya nini? Alifanya ambalo hata mimi ningelifanya: alimkimbilia anayepiga kelele kuliko wenzake. Anayelia chini chini alingoja. Asiyelia kabisa aliambiwa, "Wewe hujafika. Kaa pale." Pale ni kwenye benchi la buluu, ukutani.

Siku moja mkaguzi wa wizara akapita, akamwona Sista anavyokimbia huku na huku akifuata sauti. Mtu mwingine angeandika kwamba huyu dada anahitaji wenzake. Lakini mkaguzi alikuwa amesoma sana.

"Ajabu!" akasema. "Kumbe kilio chenyewe ni kipimo!"

Akarudi makao makuu mbio, wazo lisije likapoa. Baada ya miezi mitatu hakuja muuguzi. Lilikuja bango.

Bango lilikuwa zuri, la rangi, na picha ya Mheshimiwa Tindwa akitabasamu. Chini yake yaliandikwa Madaraja ya Kilio. Daraja la Kwanza, mama anaguna: arudi nyumbani akapike. La Pili, anamwita mama yake mzazi: akae benchi la buluu. La Tatu, anamlaani mumewe: asogezwe karibu na mlango. La Nne, anamlaani mume pamoja na ukoo wake wote: aandikwe jina. La Tano, anamwita Mungu kwa majina yote anayoyajua na kuapa kwamba hatazaa tena: apewe kitanda.

Wasio na waume wakauliza, jamani, na sisi tutavukaje Daraja la Tatu? Wizara ni sikivu, ikatoa waraka kwamba wasio na waume wanaruhusiwa kumlaani mwenyekiti wa mtaa. Waraka huo ulifutwa baada ya mwezi mmoja. Ilionekana wengi wanamlaani kwa moyo mno, hata ambao hawana mimba.

*

Mjukuu wangu Hemedi ni mume wangu. Msinitazame hivyo, kwetu bibi na mjukuu wa kiume hutaniana hivyo, asiyejua ajue leo. Hemedi alipomwoa Nakiete, binti wa huko milimani, nilimpokea mlangoni nikamwambia, "Karibu, mke mwenzangu. Nyumba umeikuta na mwenyewe, usinipindue."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tunaitana hivyo, mke mwenzangu na mke mwenzangu, na majirani wameshazoea.

Kwao milimani mwanamke hazai kwa kelele. Yeye akiwa ndani, wanawake wenzake hukaa nje wameegemea ukuta, wanasikiliza. Sauti ya kwanza kutoka chumbani inatakiwa iwe ya mtoto. Ikiwa hivyo, vigelegele. Ikitangulia ya mama, wanaitia kwenye wimbo, na wimbo huo utaimbwa hata siku mtoto huyo anaoa. Kwa hiyo mabinti wa kule hukua wakijua kwamba mdomo una kazi nyingi, lakini siku hiyo umepumzishwa.

Mwaka juzi, mimba yake ya kwanza, nilimpeleka hospitali. Alikaa kwenye benchi la buluu tangu asubuhi, uso mkavu kama mtu anayengoja maharage yaive. Sista Ediltruda alipita mara tatu. Mara ya tatu Nakiete akamshika gauni.

"Niachie, dada!" Sista akalichomoa gauni lake. "Humu mna wenye uchungu wa kweli!"

Mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Niliporudi na ndoo, mtoto alikuwa ameshakuja mwenyewe, na hakukuwa na mkono wa kumpokea, na alikuwa ameshapoa. Alikuwa wa kiume. Mama yake naye alivuja damu, akaongezewa chupa tatu. Kwenye daftari waliandika: Mama hakutoa taarifa kwa sauti inayotosha.

Nimelisoma neno hilo kwa darasa langu la nne, taratibu, herufi moja moja. Nikadhani labda nimekosea. Nikalisoma tena.

*

Mimba ya pili ilipokuja, Nakiete hakuwa na maneno mengi. Siku moja tunachambua mchicha, akasema tu, "Bibi, huyu nataka apokelewe."

"Atapokelewa."

"Na nani?"

Swali zuri. Mimi mwenyewe nimepokea watoto tisini na mmoja kabla Serikali haijachukua wembe wangu na kunipa cheti cha Kupumzishwa kwa Heshima. Lakini mikono yangu naijua. Inajua kupokea, haijui kuongeza damu. Mwanamke aliyekwishavuja namna ile hazalii mkekani kwangu, hata kama angenipa ufalme. Ilikuwa lazima hospitali, na hospitali ilikuwa lazima kilio.

Wizara ililifikiria hilo pia. Kila Alhamisi kliniki kulikuwa na Darasa la Kulia kwa Wajawazito. Mwalimu wake, Bwana Shomvi, alikuwa mpiga tarumbeta wa kikosi, mtu mpole mwenye kifua kipana. Wanawake walipangwa mistari, matumbo mbele.

"Haya akina mama! Daraja la Tatu, kwa pamoja! Mume wangu..."

"Mume wangu mbwa weee!"

"Pumzi itoke tumboni! Wewe wa gauni la njano, unamlaani au unamwamkia?"

Kulikuwa na waliofuzu vizuri, mwingine mpaka mumewe akaja kuuliza kliniki kama ni mazoezi au kuna jambo. Mke wa Mkuu wa Wilaya yeye hakuhudhuria. Alilia kwa simu, mara moja, kidogo, akapewa chumba.

Nakiete alipofikiwa, alifungua mdomo. Haikutoka kitu. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Mama, hebu fikiria jambo lolote la kuhuzunisha."

Nakiete akamtazama. Bwana Shomvi akainamisha macho, akaanza kutafuta kalamu mfukoni. Kwenye kadi aliandika sifuri, lakini aliiandika ndogo sana, kwa aibu.

Njiani nikamwambia, "Mke mwenzangu, lia hata kwa uongo. Huko kwenu hawatasikia, mlima uko mbali."

"Nimejaribu, bibi. Hata chooni nimejaribu. Koo halijui njia."

"Basi tutaona."

"Tutaona nini?"

"Niache nifikiri. Darasa la nne hufikiri polepole."

*

Uchungu ulimshika Jumanne asubuhi, baada ya chai. Siku yenyewe, kwa bahati zetu, ilikuwa ya kilele cha Wiki ya Kilio Salama, na Mheshimiwa Tindwa mwenyewe alikuwa anakuja kumpa Sista Ediltruda cheti cha wodi inayosikika zaidi nchini. Kuta zilipakwa chokaa mpaka pale jicho la waziri lingefika. Juu ya hapo waliacha.

Mapokezi alikuwepo karani, kijana nadhifu mwenye fomu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika daraja. Nakiete akasimama mbele yake, amebeba beseni lenye kanga, glovu, wembe na uzi, maana Shwari ukienda kuzaa unakwenda na hospitali yako.

Karani akatega sikio. Akangoja. "Mbona sisikii kitu?"

"Anaumwa," nikasema.

"Bibi, mimi naandika ninachosikia. Hata kuguna hajaguna. Akapike kwanza, arudi jioni."

Wakati anasema hivyo, Nakiete alikuwa amenishika mkono. Vidole vyangu vitatu tangu siku hiyo vinatabiri mvua. Nikamgusa tumbo chini ya kanga, limekaza kama kibuyu. Nikalipapasa kama nilivyozoea. Nikajua kwamba huyu mtoto hangoji jioni, hata adhuhuri ataiona akiwa nje.

Nikavua viatu. Sipendi kulia na viatu miguuni. Nikalala chini pale pale mapokezi, kwenye sakafu waliyoipigia deki kwa ajili ya waziri, nikaanza.

Sikuruka daraja hata moja, mimi ni mtu wa kufuata utaratibu. Niliguna. Nikamwita mama yangu, aliyekufa mwaka wa nzige. Nikamlaani mume wangu marehemu, mtu mwema, najua huko aliko ameelewa. Ukoo wake niliulaani bila shida yoyote, hao nilikuwa nawadai siku nyingi. Nilipofika kwa Mungu nikamwita kwa majina yote niliyofundishwa chuo cha Kurani, nikaongeza na yale niliyoyasikia kanisani kwa jirani, nikaapa mbele ya mashahidi kwamba sizai tena.

Hilo la mwisho ndilo pekee lililokuwa kweli.

Karani alikuwa anaandika mbio, uso umemwiva kwa furaha. "Daraja la Tano! La Tano kamili! Jina?"

"Somoe binti Athumani. Uwiii!"

"Umri?"

"Sabini na nne."

Kalamu ikasimama. Akanitazama, akaitazama fomu, akaigeuza nyuma. Fomu haikuwa na mahali pa kushangaa. Akaandika sabini na nne.

"Mume?"

"Hemedi."

"Umri wa mume?"

"Ishirini na sita. Uwiii, ukoo wake wote!"

"Na huyu uliyefuatana naye ni nani?"

"Mke mwenzangu."

Karani akameza mate. Akaandika: Msindikizaji, mke mwenza. Sheria inaruhusu msindikizaji mmoja wa kushika beseni. Wakanibeba juu juu kwenda kitandani, na Nakiete akafuata kwa miguu yake, na beseni lake, kimya, anasimama kila hatua kumi.

*

Wodini kulikuwa kama sokoni siku ya gulio. Wanawake wawili wawili kitandani, kila mmoja anajitahidi kumpita mwenzake. Nilipofikishwa kitanda cha mwisho nilishuka upande mmoja, Nakiete akapanda upande wa pili. Nikakaa karibu na kichwa chake, nikaendelea kulia kwa kiasi, kitanda kisije kikachukuliwa.

Sista Ediltruda akaja mbio, jasho linamtiririka, ua la kumvisha waziri limechomekwa mfukoni limeshanyauka.

"Nani La Tano hapa? Bibi! Wewe una nini?"

"Nina uchungu, mwanangu."

"Uchungu wa wapi, kwa umri huo?"

"Wa huyu."

Akageuka. Nakiete alikuwa amelala, amefumba mdomo, anatazama dari. Sista akafunua kanga.

"Mama yangu! Kichwa hiki hapa!" Akavaa glovu huku anafoka. "Wewe dada una wazimu? Mbona hukulia? Ungeniambia!"

"Kwao hawalii," nikasema. "Na alikuambia. Mwaka juzi, benchi la buluu. Alikushika gauni."

Mikono ya Sista ikasimama. Akamtazama Nakiete usoni, akamtazama sana. Wenye Daraja la Nne walikuwa wanamwita kutoka kila upande.

"Nilikuwa na wengine kumi na tisa," akasema taratibu. "Wote wanapiga kelele."

"Najua," Nakiete akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu chai.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mganga Mkuu akaingia nyuma nyuma, kama anayekaribisha bwana harusi, kisha Mheshimiwa Tindwa, kisha kamera mbili na mtu wa kubeba cheti.

"Ndugu zangu," Mheshimiwa akaanza, "nchi nyingine zimejenga majengo. Nchi nyingine zimeajiri watu. Sisi, kwa akili yetu wenyewe, tumesikiliza! Sauti hii mnayoisikia ni sauti ya maendeleo. Zamani mama alikuwa anajifungua bila Serikali kujua..."

"Sista!" Mganga Mkuu akanong'ona kwa nguvu. "Sista Ediltruda! Njoo na ua, Mheshimiwa anakusubiri!"

Sista hakuinua kichwa. "Mwambie alie. Zamu yake ikifika nitamsikia."

Wodi nzima ikanyamaza. Wallahi, hata La Nne wote. Na katika kimya hicho mtoto akatoka, akapokelewa kwa mikono miwili yenye glovu.

Alikuwa wa kike. Alikuwa wa buluu kama lile benchi. Na hakulia.

Nimepokea tisini na mmoja, kimya hicho nakijua. Nilikisikia kwa watatu katika hao, na nikakisikia mwaka juzi nikiwa na ndoo mkononi. Nakiete naye alikijua. Alinishika tena vile vidole vitatu.

Sista hakutafuta fomu. Alimfuta mtoto, akamsugua mgongo kwa kanga, akamlaza pembeni, akamnyonya kamasi kwa kile kimpira kidogo, akamwekea kinyago puani akawa anakiminya kifuko cha hewa, kidogo, kidogo, anahesabu kwa midomo. Mtoto amelegea. Sista anahesabu. Waziri alikuwa amebaki na mdomo wazi pale alipofikia, kwenye Serikali kujua.

"Njoo, mama," Sista akawa anamwambia yule mtoto, sauti ambayo sijawahi kuisikia wodini humo. "Njoo. Niko hapa. Nimekusikia. Njoo."

Kisha ukatoka mlio mdogo, mkali, kama mlango wa kabati. Halafu wa pili. Halafu akaamua kututukana sote, ukoo mzima, bila kuvuka daraja.

Nilipiga vigelegele mpaka meno yangu mawili ya mbele yakatikisika. Sauti ya kwanza kutoka kwenye kitanda chetu ilikuwa ya mtoto, mlimani wakiuliza waambieni hivyo. Mimi sihesabiwi, nilikuwa nafanya kazi za ofisi.

Karani alikuwa amekwishafika na fomu yake. "Huyu naye, Sista? Niandike daraja la ngapi?"

Sista alikuwa anamfunga mtoto kwenye kanga, analia waziwazi, machozi yanadondokea ua la waziri.

"Andika amefika," akasema.

*

Yaliyofuata mmeyasikia redioni. Daftari la Shwari halikosei, na daftari lilisema aliyelia ni mimi. Kwa hiyo aliyezaa ni mimi. Mheshimiwa Tindwa alitangaza kwamba huduma zimeboreshwa kiasi kwamba hata mama wa miaka sabini na nne, mwenye mume wa ishirini na sita, amejifungua salama huku mke mwenzake akimshikia beseni. Wageni walikuja kutoka nje kujifunza. Hemedi alipigwa picha. Mpaka leo akipita sokoni vijana wanampa nafasi.

Mimi nina kadi ya mtoto yenye jina langu, na kila mwezi naitwa kliniki kushauriwa juu ya uzazi wa mpango. Naenda. Huwa nawaambia nitafikiria.

Sista Ediltruda alipewa barua ya karipio kwa kumtaka waziri alie. Muuguzi wa pili hajaja bado. Ila sasa kila saa, kabla hajakimbilia kelele, Sista hupita kwanza kwenye benchi la buluu, anapiga magoti, anaweka mkono kwenye kila tumbo, akianza na walionyamaza kabisa. Jambo hilo halimo kwenye waraka wowote, kwa hiyo tafadhali msimtaje.

Na siku za kliniki, mimi nikiwa ndani nashauriwa, Nakiete hukaa kwenye benchi hilo hilo na binti yake mgongoni. Juzi nilitoka nikamkuta ameketi na msichana mdogo wa kwao, tumbo limeshuka, uso mkavu.

"Hawatanisikia, dada," yule msichana alikuwa anasema. "Mimi siwezi kulia."

"Usilie," Nakiete akamwambia. "Akipita, mshike gauni. Akisema umwachie, usimwachie."